Kona ya Darasani, Chumba cha Maktaba, Sanduku la Kuzunguka au Maktaba ya Mkoa: Tuanzie Wapi na Watoto wa Awali Tabora?

Mwalimu wa darasa la awali mkoani Tabora anayetaka watoto wake waizoee maktaba kabla ya kuingia darasa la kwanza ana njia nne zinazotekelezeka katika mazingira yetu. Anaweza kutenga kona ya vitabu ndani ya darasa lake. Anaweza kuwapeleka watoto katika chumba cha maktaba cha shule, kama kipo. Anaweza kushirikiana na shule jirani kutumia sanduku la vitabu linalozunguka. Au anaweza kupanga ziara katika Maktaba ya Mkoa iliyopo mjini Tabora, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Fedha, nafasi na muda havitoshi kuzianzisha zote kwa pamoja, na kwa hiyo walimu wakuu na kamati za shule hujikuta wakiulizana ni ipi itangulie. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa wazazi wenye sauti katika kamati hizo.

Kwanza tukubaliane ujuzi wa maktaba ni nini kwa mtoto wa miaka mitano. Mpangilio wa desimali wa kupangia vitabu maktabani, ambao Mmarekani Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876, unaogawa maarifa katika mafungu makuu kumi kuanzia 000 hadi 900, una manufaa makubwa kwa msomaji mkubwa, lakini mtoto ambaye bado anajifunza kuhesabu hadi kumi hana cha kufanya nao. Ujuzi wake yeye ni kunawa mikono kabla ya kushika kitabu, kukishika bila kukigeuza juu chini, kufungua ukurasa kwa kuushika pembe ya juu badala ya kuusugua katikati kwa kidole kilicholowa mate, kuanza na jalada la mbele na kuyafuata maandishi kutoka kushoto kwenda kulia, kuchagua kitabu mwenyewe, kusikiliza hadithi hadi mwisho, kurudisha kitabu mahali alipokitoa, na kuelewa kwamba kitabu cha kuazima ni cha wengi na kina siku yake ya kurudi. Haya yote ni mazoea ya mikono, macho na masikio, na mazoea hujengwa kwa kurudiarudia. Ndiyo maana ninaona swali la kwanza la kujiuliza ni hili: njia ipi, katika shule yetu hii, itamwezesha mtoto kurudia tendo lile lile mara nyingi bila kumchosha mwalimu wake?

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote nne kwa vigezo vinne: mara ngapi mtoto mmoja mmoja anashika kitabu kwa mkono wake, ujuzi gani unaofundishika vizuri zaidi kwa njia hiyo, gharama za kuanzisha na za kutunza, hasa kwa kuzingatia vumbi, mvua na mchwa wa Tabora, na mwisho kazi inayomwangukia mwalimu pamoja na usalama wa watoto. Uzuri wa jengo sikuuweka miongoni mwa vigezo, kwa sababu chumba kilichopakwa rangi na kufungwa kwa kufuli hakimfundishi mtoto chochote.

Mara ngapi mtoto anashika kitabu

Mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini madarasa mengi ya serikali yana watoto wengi kuliko idadi hiyo, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016. Chukua darasa la watoto 75. Mwalimu akiwagawa katika vikundi vitano vya watoto 15, na kila kikundi kikapata siku yake ya wiki katika kona ya vitabu wakati vikundi vingine vikiwa kwenye kona nyingine za ujifunzaji, basi katika siku 194 za masomo kila mtoto atakaa na vitabu kwa utulivu karibu mara 38 kwa mwaka. Hapo bado hatujahesabu zile dakika za asubuhi kabla ya kengele, ambapo watoto waliowahi huingia wenyewe na kufungua kitabu wanachokipenda. Vitabu 20 hadi 30 vinatosha kikundi cha ukubwa huo, na mtoto bado ana nafasi ya kuchagua.

Chumba cha maktaba, kikiwa na ratiba inayoheshimiwa, kinaweza kumpa mtoto kipindi kimoja kila wiki, yaani mara zinazokaribiana na zile za kona. Tofauti inatokea ndani ya kipindi chenyewe. Kipindi cha awali ni kifupi, kwa kawaida dakika 20, na kupanga mstari, kutembea, kuvua viatu mlangoni na kukaa huchukua sehemu yake nzuri. Tena watoto 75 wote wakiingia pamoja, wengi watarudi darasani wakiwa wamekiona kitabu mikononi mwa mwenzao tu. Shule nyingi pia huwapa nafasi darasa la nne na la saba kujiandaa na mitihani humo, na kipindi cha watoto wadogo ndicho hufutwa kwanza. Mwalimu mkuu anayetaka chumba hiki kifanye kazi kwa awali analazimika kukilinda kipindi hicho kwa maandishi katika ratiba ya shule, na kuruhusu nusu ya darasa iingie kwa zamu.

Sanduku la kuzunguka humpa mtoto vitabu kila siku kwa muda ambao lipo shuleni, kisha humwacha bila kitu. Kama shule sita za kata moja zinashirikiana na sanduku hukaa mwezi mmoja katika kila shule, kila shule italiona kwa miezi isiyozidi miwili katika mwaka. Hapa kuna jambo ambalo watu wazima hulisahau: mtoto wa umri huu hapendi kitabu kipya kila mara, anapenda kile kile alichosomewa jana. Sanduku likiondoka wakati watoto ndio kwanza wameanza kukikariri kitabu na kukisimulia wao kwa wao kwa kuangalia picha, tunawanyima hatua yenye faida kubwa kuliko zote.

Ziara ya Maktaba ya Mkoa ni mara mbili au tatu kwa mwaka kwa shule za mjini, na kwa shule za Kaliua au Sikonge hata mara moja ni jitihada kubwa. Kwa kigezo hiki pekee ziara ni ya mwisho, ingawa kwa kigezo kinachofuata itaonekana ina jambo ambalo njia nyingine haziwezi kulitoa.

Ujuzi gani unafundishika vizuri

Kona ya darasani ni mwalimu mzuri wa mikono. Hapo ndipo mtoto anapojifunza kugeuza ukurasa, kutambua jalada na mgongo wa kitabu, na kurudisha kitabu mahali pake, kwa kuwa anaona matokeo ya uzembe wake siku hiyo hiyo: kitabu alichokitupa chini jana leo kina ukurasa uliokunjamana, na mwenzake analalamika. Mpangilio wa kona hauhitaji namba. Vitabu vya wanyama vitiwe kipande cha karatasi ya kijani mgongoni, vya familia na nyumbani chekundu, vya hesabu na maumbo bluu, na rafu au mfuko wa kila kundi uwe na rangi hiyo hiyo pamoja na picha. Mtoto atapanga vitabu kwa macho kabla hajajua herufi, na huo ndio msingi wa kuelewa baadaye kwa nini maktaba kubwa ina namba. Kila mtoto apewe pia kipande cha boksi chenye alama yake, jembe, samaki au mzinga wa nyuki, akiweke mahali alipotoa kitabu ili ajue pa kukirudisha.

Kona ina faida nyingine ambayo naiona ni kubwa mno, nayo ni vitabu vinavyotengenezwa na darasa lenyewe. Watoto wanachora safari ya kwenda shambani au sokoni, mwalimu anaandika chini ya kila picha sentensi ambayo mtoto ameisema, karatasi zinashonwa kwa uzi, na jalada linaandikwa majina ya waliochora. Kitabu hicho kikikaa katika kona pamoja na vile vya kununuliwa, mtoto anaelewa bila mahubiri kwamba kitabu hutungwa na mtu, kina mwandishi na mchoraji, na kwamba hata yeye anaweza kuwa mmoja wao. Wengi wa watoto wetu wa vijijini huanza shule wakizungumza Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani, na Kiswahili cha darasani bado ni kigeni kwao. Kitabu chenye picha walizochora wenyewe huwapa nafasi ya kusimulia kwanza kwa lugha ya mama, kisha kurudia kwa Kiswahili. Mwalimu asiwakatishe katika hatua ile ya kwanza.

Chumba cha maktaba kinafundisha vizuri utaratibu wa mahali pa watu wengi: kuingia kwa utulivu, kuzungumza kwa sauti ya chini, kusubiri zamu, na zaidi ya yote kuazima. Mtoto anakabidhi kitabu mezani, mwalimu wa maktaba anaandika katika daftari la uazimaji, mhuri wa tarehe unapigwa, na kitabu kinakwenda nyumbani ndani ya mfuko. Tendo hilo la kukabidhi na kupokea lina uzito kwa mtoto, naye hulikumbuka. Ningependa hata hivyo watunzaji wa vyumba hivi waache kudai kimya cha mtihani kwa watoto wa awali, maana mtoto wa miaka mitano husoma kwa kusema, kucheka na kumwonesha mwenzake picha. Sauti ya chini inatosha kabisa.

Sanduku linafundisha uwajibikaji wa pamoja na kuhesabu. Orodha ya vitabu ikibandikwa ndani ya mfuniko pamoja na picha ndogo ya kila jalada, watoto wanaweza kusaidia kukagua kama vyote vimo kabla sanduku halijaenda shule nyingine, na wanajifunza kwamba kuna watoto wengine, ambao hawawajui, wanaovisubiri.

Ziara, kwa upande wake, inafundisha ukubwa wa jambo lenyewe. Mtoto anaona rafu zinazompita kimo, anaona watu wazima wamekaa wakisoma bila kulazimishwa na mtu, anamwona mkutubi ambaye kazi yake ya kila siku ni kutunza vitabu. Huduma ya maktaba za umma nchini iliwekewa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967. Watoto hawahitaji miaka hiyo, lakini mwalimu anayeifahamu ataweza kuwaeleza wazazi kwamba maktaba ya umma ilikusudiwa kwa ajili ya mkulima na mtoto wake sawa na mwanafunzi wa chuo. Kwa mzazi ambaye hajawahi kuingia mle ndani, kumsindikiza mtoto siku ya ziara kunaweza kuwa mara yake ya kwanza, na hilo ni faida isiyopatikana darasani.

Gharama na utunzaji

Kona ni rahisi kuanzisha. Mifuko ya kutundika inaweza kushonwa kutokana na viroba safi, kamba ikafungwa ukutani na vitabu vyepesi vikashikwa kwa vibanio vya nguo, mkeka ukatandikwa chini. Kutundika kuna faida ya ziada kwetu, kwa kuwa mchwa wa Tabora hupanda kutoka ardhini na ukutani, na rafu ya mbao iliyoegemezwa ukuta wa udongo inaweza kuliwa pamoja na vitabu vyake katika likizo moja. Shule ikitengeneza rafu, iwe na nafasi kati yake na ukuta, na ikaguliwe kila wiki. Kiangazi, vumbi hujaa haraka, hivyo kitambaa cha kufunika kona mchana unapoisha ni cha lazima. Masika, hakikisha bati juu ya kona halivuji. Watoto wapya huingia Januari, wakati maembe bado yapo, na mikono inayonata huharibu vitabu kuliko mikono yenye vumbi. Ndoo ya maji na kitambaa cha kujifutia karibu na kona vina thamani kuliko jalada la nailoni, ingawa jalada nalo linafaa.

Chumba kinadai zaidi: mlango wenye kufuli, madirisha yenye wavu, rafu za chini zinazofikiwa na mtoto, mkeka au viti vidogo, na vitabu vya kutosha kuitwa maktaba. Shule yenye chumba tayari isione kwamba imemaliza kazi. Mara nyingi rafu zake zimejengwa kwa kimo cha mwalimu, na zile za chini zimejazwa vitabu vya kiada vya zamani. Kuziondoa shehena hizo na kuweka vitabu vya picha katika rafu mbili za chini ni mabadiliko yasiyohitaji fedha.

Sanduku la bati, la aina ile wanayobeba wanafunzi wa bweni, hudumu, halipenywi na mchwa wala mvua, na gharama yake hugawanywa kati ya shule. Gharama iliyojificha ni ya kulisafirisha kwa bodaboda au mkokoteni. Ziara ni nafuu kwa shule inayoweza kwenda kwa miguu na ni ghali sana kwa inayohitaji gari. Utaratibu, saa za kufungua na kama kuna malipo yoyote viulizwe mapema kwa mkutubi kwa barua ya shule.

Katika njia zote nne kuna hofu moja ya wazazi ambayo ni lazima ishughulikiwe, nayo ni hofu ya kulipishwa kitabu kikichanika au kupotea. Mzazi mwenye hofu hiyo humkataza mtoto kuazima, au hukificha kitabu juu ya kabati kisiguswe hadi siku ya kurudishwa. Shule itamke wazi katika kikao cha wazazi kwamba kitabu kilichochanika kirudishwe kama kilivyo, na kuwe na kapu la vitabu vya kutengeneza ambalo watoto wenyewe hushiriki kuvibandika pamoja na mwalimu. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Kazi ya mwalimu na usalama

Kona inamwongezea mwalimu wa awali kazi ndogo ya kila siku, ambayo hupungua watoto wakishajua kupanga wenyewe. Mwanzoni, wiki kadhaa za Januari na Februari, ni kazi kweli. Chumba kinahitaji mtu wa pili. Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kipo Bagamoyo, lakini shule za msingi zenye mkutubi aliyesomea ni chache, na anayepewa jukumu hilo kwa kawaida ni mwalimu mwenye vipindi vyake vingine. Kama mtu huyo hapatikani, mzazi anayejua kusoma anaweza kushika daftari la uazimaji siku moja kwa wiki. Sanduku linamtaka mratibu, na Ofisa Elimu Kata ndiye anayefaa, kwa kuwa walimu hukutana kwake.

Ziara ndiyo yenye jukumu zito kuliko zote. Kutembea na watoto wadogo katika barabara zenye bodaboda na bajaji kunahitaji mtu mzima mmoja kwa watoto wachache, ruhusa za wazazi kwa maandishi, maji ya kunywa na saa ya kurudi kabla ya jua kuwa kali. Mwalimu aliye peke yake na darasa zima asijaribu.

Kila njia inamfaa nani

Kona inamfaa mwalimu mwenye ari aliye na vitabu vichache na darasa kubwa. Chumba kinaifaa shule yenye mwalimu mkuu anayelinda ratiba na mtu wa pili wa kusaidia. Sanduku linazifaa shule za kata moja ambazo kila moja peke yake haina hata vitabu kumi vya picha. Ziara inazifaa shule za mjini, na inawafaa zaidi watoto waliokwisha kuzoea vitabu darasani, kwa kuwa wakifika kule watakuwa na la kuuliza.

Kuchagua kwa kuangalia hali ya shule

Kama shule ipo kijijini Uyui, Urambo au Sikonge, haina chumba cha ziada na vitabu vyake ni vichache, ianze na kona, itengeneze vitabu vya darasa kuanzia muhula wa kwanza, kisha izungumze na shule jirani kuhusu sanduku. Sanduku likija, mwalimu achague vitabu vitatu vya kusoma kwa kurudia mwezi mzima, na aombe katika kikao cha kata kimoja kati ya hivyo kibaki.

Kama chumba kipo ila hutumika kama stoo, kamati isinunue chochote kwanza. Isafishe, ishushe vitabu vya picha katika rafu za chini, iwape awali kipindi kimoja kisichoguswa, na ipime kwa muhula mmoja kama kipindi hicho kinafanyika kweli. Kikiwa kinafutwa mara kwa mara, vitabu vya picha vihamie darasani, hata kama chumba kitaonekana kitupu.

Kama shule ipo karibu na katikati ya mji, mathalani Gongoni au Kanyenye, ina sababu ya kuunganisha kona na ziara. Kona ifanye kazi tangu Januari, na ziara ya kwanza isiwe kabla ya watoto kuweza kugeuza kurasa na kurudisha kitabu mahali pake bila kukumbushwa; kabla ya kuondoka, kila kikundi kikubaliane kitamwuliza mkutubi swali gani.

Kama darasa lina watoto wachache na mwalimu ana msaidizi, jambo linalopatikana zaidi katika shule binafsi, uazimaji wa kila Ijumaa kupitia chumba cha maktaba unaweza kuanza mapema, mradi wazazi wameelezwa kuhusu vitabu vinavyochanika.

Na kama mwalimu yuko peke yake na watoto zaidi ya 100, hata kona kamili inaweza kumzidi. Aanze na mfuko mmoja wa kutundika wenye vitabu kumi, kikundi kimoja kwa siku, hadithi moja ya kusoma kwa sauti kwa darasa zima kila siku kabla ya kwenda nyumbani, na mtoto mmoja aliyepewa zamu ya kurudisha kitabu hicho katika mfuko wake. Mfuko wa pili uongezwe pale ambapo wa kwanza unapangwa vizuri bila yeye kusimamia.